Nandin, Nenda Ukapimwe Damu

Sogeeni karibu, Gansukh na wewe Nandin, maana sauti yangu haivuki tena jiko, na mkamwana wangu Uyanga aache kuchochea jiko kwa samadi kavu, joto lenyewe silisikii. Sina maumivu ya kuwaeleza. Daktari alisema ini limekwisha, nikalipokea neno hilo kama mtu anayeambiwa nje kuna upepo.

Kondoo na farasi mgawane na dada yako nusu kwa nusu, Gansukh, na asije mtu akakwambia msichana huondoka mikono mitupu. Sufuria kubwa ni la Uyanga, amelisugua kuliko mimi. Baba yenu mdogo Luvsan akija kunizika mpeni chai na nyama kama mgeni yeyote, ila msiseme nimemsamehe: baba yenu, tumbo limeshamvimba kwa ini hili hili, alimnyooshea chupa ya ugoro, kama tunavyosalimiana, naye akaikataa mbele ya hema zima akisema, "Kaka, tumbo hilo ni la vodka, kaa na ugoro wako." Baba yenu hakunywa pombe maisha yake yote. Tangu hapo akatengewa bakuli lake la chai, nami langu, na hao hao walioogopa mabakuli yetu walipanga foleni kwa jirani yetu Dulmaa, mwenye mkono mwepesi, kila aliyechoka akidungwa dawa ya nguvu kwa sindano ile ile moja yenye bomba la kioo, aliyoichemsha kidogo kwenye birika, na watu wakizidi haichemshwi. Dulmaa hakujua. Naye kafa kwa ini. Homa ya ini ilipita kwenye damu, sisi tukilinda chai.

Sasa wewe Nandin, ndiyo sababu nimewaita. Gari la kupima damu liko makao ya wilaya, jioni linaondoka, nawe umekaa hapa unanikanda miguu. Niliwazaa nikiwa na ugonjwa huu bila kujua. Kaka yako kapimwa, hana. Umebaki wewe. Juzi uliniambia, "Mama, nikikutwa nao, kina Chuluun hawatanioa." Basi wasikuoe. Posa inayovunjika kwa tone la damu mnaipikia nyama ya nini? Ukikutwa nao kuna vidonge, watu wanameza na wanalea wajukuu. Mimi niligunduliwa tumbo limeshavimba, hakuna cha kumeza.

Najua binti hutakiwa awepo mama yake akikata roho. Watasema. Waseme. Gansukh atanifumba macho, kazi hiyo haihitaji watu wawili.

Nawe Uyanga, ukazalie hospitali, mtoto achanjwe siku hiyo hiyo, na sindano uione ikifunguliwa kwenye karatasi yake.

Gansukh, mwashie dada yako pikipiki. Vaa koti zito, Nandin. Usilie humu, utanichelewesha na wewe utachelewa. Uyanga, chukua maziwa, akishaondoka umnyunyizie nyuma yake, kama tunavyowafanyia wasafiri. Nilitaka ninyunyize mimi. Mkono hauinuki.

Njia yako iwe nyeupe, mwanangu. Uzae. Uzeeke, unenepe, uwe mgomvi. Usigeuke kutazama hema.

Mbona kimya? Imekataa kuwaka? Ipigeni tena.

Haya... naisikia.

Uyanga. Maziwa. Mwaga mengi.