Katika Kumuaga Regent, Farasi Dume wa Serikali

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Kapteni Ormsby, msimamizi wa farasi wa jeshi. Waheshimiwa wakuu wa vijiji vya mfereji. Wazee wangu wenye vilemba. Ndugu wakulima mliosimama kwa kuwa viti vimekwisha. Mabibi mliokaa nyuma ya pazia: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake, na niliyemsahau anihesabie ugeni wa kazi, asinihesabie kiburi.

Mimi ni karani tu. Nimepewa kusema kwa sababu nilisoma Lahore, na huku kwetu aliyesoma Lahore hudhaniwa haogopi. Ukweli ni kwamba naogopa kama ninyi.

Tumekusanyika kumuaga Regent, farasi dume aliyeletwa kwa meli kutoka Uingereza ili awazalishe majike wetu, na ambaye kesho anarudishwa kwenye zizi kuu akapumzike. Nani hapa asiyemjua? Mpiga ngoma alikuwa akipita kando ya mfereji akitangaza, "Dume la serikali limefika, leteni majike!" na kijiji kizima kinaacha jembe. Tulimwita Lat Sahib, yaani Bwana Gavana, naomba radhi; ni kwa sababu alikula dengu kuliko sisi, alikaa kivulini kuliko sisi, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kupita nyuma yake.

Basi nimsifu, maana ndiyo kazi niliyotumwa. Hakuwa mvivu. Hakumbagua jike wa tajiri na jike wa maskini. Alipanda kwa bidii, na aliposhuka watunza farasi walimpigia makofi, naye Kapteni alitwambia kila mara, "Mtazameni! Damu isiyo na doa!" Ni kweli. Misimu mitatu imepita, na doa hatujaliona. Wala hiyo damu hatujaiona.

Ndugu zangu, yuko wapi mtoto wa Regent? Yuko kwa nani? Aliyemwona amshike mkono jirani yake amwonyeshe.

Hayupo hata mmoja. Nami ningependa kuishia hapo.

Mheshimiwa, ardhi hii tumepewa kwa sharti. Kila nyumba ifuge farasi jike, apigwe chapa ya serikali pajani, na asipelekwe kwa dume mwingine yeyote isipokuwa wa serikali. Jike akizaa, shamba linabaki. Jike akishindwa, shamba linaondoka. Hatukulalamikia sharti hilo. Kabla ya Regent, alipokuwepo yule dume mweusi wa serikali, wa mbegu ya Kibaluchi, mwenye masikio yaliyopindana nchani, majike hawa hawa walizaa, na watoto wao sasa wanabeba askari.

Lakini sasa tumechoka. Si uchovu wa jembe. Huo tumeuzoea, tunalala nao na kuamka nao. Ni uchovu wa kumtembeza jike vumbini kwenda na kurudi, kumpapasa tumbo asubuhi hadi mkono uote sugu, na mwishowe kuambiwa neno moja tu: tasa. Neno hilo katika lugha yetu tunamvika mwanamke, tunamvika mnyama jike, tunaivika hata ardhi isiyoota kitu. Dume hatukuwahi kumshonea. Ndiyo maana kila mwaka ofisini tukitafuta wa kumvika, tunatoka nje kutafuta jike.

Mzee Jahan Ranjha, yule pale mwenye kilemba cheupe, jike wake ameitwa tasa. Amri ya kumnyang'anya shamba ipo mezani kwako, Mheshimiwa, ikisubiri sahihi yako baada ya chai. Kabla ya chai naomba niseme yaliyomfika.

Mwaka jana, majira ya baridi, punda wa Nathu dobi alikata kamba akaingia zizini kwa Mzee Jahan. Asubuhi Mzee alimfuata Nathu na fimbo mkononi.

"Nathu! Punda wako amenivunjia heshima!"

"Chaudhri, bwana mkubwa, nisamehe. Ni punda, hajui kusoma. Angejuaje kuwa yule ni wa serikali?"

"Chapa si ipo pajani?"

"Ah, Chaudhri! Pale alipokuwa amesimama yeye, chapa angeiona saa ngapi?"

Mnacheka. Mzee Jahan naye alicheka, fimbo ikamdondoka. Hakucheka tena majuzi, jike yule yule aliyeitwa tasa alipozaa nyumbu: mwili wa mama, masikio ya baba.

Mkewe, Bibi Bakhtawar, alimwambia, "Mfiche, baba watoto. Mfiche upesi."

"Nimfiche? Masikio haya yanataka kilemba cha ukubwa gani?"

Mzee akanijia mimi. Alikaa chini ingawa nilimpa kiti, akasema, "Mwanangu, nikimficha, shamba linakwenda kwa kuwa jike wangu ni tasa. Nikimtoa, shamba linakwenda kwa kuwa si tasa, maana amezaa na asiyeruhusiwa. Wewe uliyesoma, nichagulie."

Wazee wangu, sikuweza kumchagulia. Nani angeweza? Nilimwuliza tu anataka nini, akanijibu, "Nimechoka kuchagua. Nataka waje wamwone." Angeweza kumwuza yule mnyama ng'ambo ya mto Jhelum na kukaa kimya. Hakufanya hivyo, kwa kuwa majirani zake wengi majike wao wameitwa jina lile lile, na wao hawakubahatika kutembelewa na punda.

Mheshimiwa, simlaumu Regent. Mnyama hakuomba kupakiwa melini, wala hakujisifu mwenyewe. Waliomsifu ni wengine. Kapteni, naona umesimama. Nakuomba ukae kidogo, nakaribia mwisho, na baada ya hapo ajira yangu iko mikononi mwenu. Hatuombi punda apewe shada la maua. Wala hatuombi sharti lifutwe. Tunaomba wavuliwe neno lile majike ambao hawakustahili kulivaa, na amri isitiwe sahihi mpaka wapelekwe kwa dume mwingine. Je, ni ombi kubwa kwa watu waliotembea vumbini misimu mitatu bila kuuliza swali?

Nimemaliza. Ninyi mliosimama juani mkanivumilia, ahsanteni sana kwa masikio yenu. Na wewe, Mheshimiwa, uliyenisikiliza bila kunikatiza, ahsante kuliko wote.

Mzee Jahan, mlete nyumbu wako hapa mbele.