Eufrasia Hakuwala Watoto Wake

Marehemu Eufrasia binti Bujiku alizaliwa tarehe 3 Mei 1910 katika kijiji cha Igunda, Kahama, mtoto wa pili wa Mzee Bujiku na Mama Apolonia. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1920 hadi 1923, akajua kusoma na kuandika, jambo ambalo wengi wenu mliosimama hapa hamlijui.

Alifunga ndoa na Jilala, yaani mimi ninayesoma, tarehe 12 Julai 1929. Tulipohamia machimbo ya dhahabu ya Geita mwaka 1933, alipata kazi ya kuosha chupa katika chumba cha vipimo cha hospitali. Hakuogopa mtu. Siku moja alimrudishia daktari chupa ambayo daktari huyo aliiosha mwenyewe. "Bwana Daktari, hii bado ina mafuta. Itazame juani." Daktari alicheka, akaenda kuiosha tena.

Alizaa watoto watatu. Scolastika yupo hapa. Masele alifariki 1934, Esta 1937, kila mmoja akiwa na miaka miwili. Walizaliwa wazima. Walipofikisha miezi sita wakaanza kushtuka kwa kila sauti, shingo ikalegea, kisha macho yakapofuka. Nyumbani kwetu Shinyanga mkasema mama yao ni nogi, mchawi anayekula wanawe.

Esta alipokufa, Eufrasia alimwambia daktari, "Mfungue kichwa. Nataka kujua." Nami nilikubali. Ubongo ulipelekwa Ulaya ndani ya spiriti. Jibu lilifika Agosti 1938. Daktari akamweleza, naye akaliandika kwa Kiswahili. Katika ubongo na mishipa ya fahamu ya kila mtu mna mafuta yaliyoungana na sukari. Kwa Esta, mafuta ya namna hiyo yalirundikana hadi yakajaza chembe za ubongo. Kwa nini, bado hawajui. Ila wanaona kwamba mtoto huurithi ugonjwa huo kwa baba na mama, wote wawili.

Wote wawili! Tuliporudi Shinyanga aliwasomea karatasi hiyo uani kwa kaka yangu Mageni, na mlikuwepo. Mageni akasema, "Sukari kichwani? Basi wewe ndiye uliyeitia." Mkaichoma nyumba ya Eufrasia mchana kweupe. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nikatazama miguu yangu.

Alirudi Geita peke yake, akapanga kibanda kinachovuja. Mwezi huu alishikwa na kichomi. Nilifika siku ya tatu.

"Shemeji zangu wanasemaje sasa?" aliuliza.

Alifariki tarehe 19 Januari 1939, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na minane.

Ameacha mama mzazi, Apolonia, na binti yake Scolastika, ambaye kuanzia leo anakwenda Igunda na bibi yake. Asije mtu wa ukoo wangu kumchukua. Ameacha mume asiyestahili kuitwa hivyo. Mageni na wenzako, hamumo katika hesabu ya wafiwa. Majembe mliyoshika yawekeni chini, kaburi tutalifukia wenyewe.

Mungu ampe amani tuliyomnyima.