Bomba la Maji Kwenye Baiskeli ya Mbio

Benchi lilikuwa limeegemea ukuta wa duka la vioo, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Kila asubuhi Sukari Kidogo, muuza kahawa, alitua birika lake hapo, na watu wenye maneno mengi kuliko kazi wakamzunguka. Asubuhi hiyo Spoku, aliyepewa jina kwa wembamba wake na kwa mbio za baiskeli alizoshinda ujanani, hakugusa kikombe. Alisimama ameshika baiskeli yake ya zamani, macho yamemwiva kwa hasira. Jana aliipeleka kwa Cheche, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, amzibie ufa. Leo imerudi na bomba la juu jipya kabisa: bomba la maji.

— Hebu inua, Spoku alimwambia Wakili, mtu ambaye sheria aliijua kwa kuivunja tu.

Wakili akainua, akaguna.

— Nzito kama mkwe asiyetaka kuondoka.

— Umeona? Mabomba ya fremu hii ni membamba katikati, manene kwenye maungio tu. Chuma cha kazi yake. Huyu bwana kanitilia bomba la bafuni.

Cheche alikuwa amevuka barabara kuja kujitetea, miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso.

— Mzee Spoku, bomba lako lilikuwa jembamba kama ganda la yai. Moto ukiligusa, tundu. Nimekuwekea kitu cha kudumu. Hata wajukuu watakirithi.

— Nani kakuomba urithi? Binti yangu anashindana Jumamosi. Anapanda mlima, hachoti maji.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema Sukari Kidogo, akimimina.

— Huyu katia na bomba lake, Spoku alisema.

Wakili alikohoa kama yuko mahakamani.

— Tusimwonee Cheche. Kosa ni la chuma cha siku hizi, kizito mno. Zamani walikiumua kama mkate. Ndani hewa tupu.

— Chuma hakiumuliwi, Cheche alisema.

— Samaki mkunje angali mbichi, Wakili alijibu, akaona ushahidi umetosha.

— Mimi nasema chuma kina akili, alisema Sukari Kidogo. Spoku alipokonda, na baiskeli ikakonda naye.

— Halafu ikaninenepea kwa usiku mmoja?

— Imeona umezeeka.

— Hamjui kitu, Wakili akasema. Walichanganya na chuma cha kimondo. Kinatamani kurudi kwao juu. Ndiyo maana mlimani kinakuvuta.

Wengine walicheka. Spoku hakucheka. Alikumbuka jinsi fremu ile ilivyokuwa ikinyumbuka chini yake kwenye mlima, kama mnyama anayevuta pumzi. Miaka yote aliitundika ukutani akiipaka mafuta, mpaka binti yake, muuguzi, alipoiomba. Jana alipoona mstari karibu na ungio, alikimbilia kwa Cheche bila kumwambia binti.

Binti mwenyewe akatokea, sare ya kazini bado mwilini. Aliwaamkia wote, akauliza kuna nini. Wakajibu kwa pamoja, kimondo na mkate vikiwemo. Alisikiliza mpaka wakaishiwa, akipapasa lile bomba geni.

— Nionyesheni lile la mwanzo.

Cheche akavuka barabara, akalileta kutoka karakana. Binti akaligeuza kwenye mwanga mpaka akauona ule mstari. Akaukwangua kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake chuma kikang'aa, kizima. Akakwangua mpaka mwisho.

— Ufa uko wapi?

Cheche alimtazama Wakili. Wakili akainamia kikombe chake.

— Mimi niliambiwa kuna ufa, Cheche alisema taratibu. Nikakata.

Spoku akalipokea bomba. Alipitisha kidole gumba juu yake, akarudia, kama mtu anayetafuta kipele kwenye mkono wa mtoto. Hakupata kitu. Hasira iliyomsimamisha tangu alfajiri ilitafuta pa kwenda, ikakosa.

— Limeshakatwa, binti alisema. Basi Jumamosi nitashindana na hii hii.

Akaichukua baiskeli, akarusha mguu, akaanza kupanda mlima. Spoku alitaka kumwambia ni nzito, ashuke, aisukume. Alimtazama akisimama juu ya pedali, mabega yakienda huku na huku, akikokota uzito ambao baba yake alikuwa ameuagiza mwenyewe.