Kivuli cha Pale Darajani

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mwenyeji wetu, mwenye jumba hili la sinema. Mama yetu mwandishi wa *Punda Asiyevuka*. Walimu, wazazi, ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wajukuu zangu mliokalia zulia hapa mbele kwa sababu viti tumevimaliza sisi wakubwa: nawasalimu nyote.

Nimeombwa kufungua onyesho la filamu mpya ya kitabu hicho. Aliyeiongoza ni binti yangu. Aliyeongoza ile ya zamani ni mimi. Mnauona mtego niliotegewa? Nikiisifu, mtasema nimependelea damu yangu. Nikiiponda, mtasema mzee ana kijicho na mwanawe. Naye mwenyewe hana raha tangu jana, nilipoitazama peke yangu humu ndani nikaondoka bila kumwambia neno. Asubuhi aliniletea chai, akasimama mlangoni, akasema, "Baba, ukisimama pale useme ukweli. Usinionee haya." Nikamjibu kwamba chai ina sukari nyingi.

Basi tulinganishe. Hadithi mnaijua, maana nani kati yetu hakusomewa? Msichana anampelekea bibi yake mgonjwa dawa, punda anagoma darajani, anabembelezwa mpaka anavuka. Punda wangu tulimwazima kwa muuza maji. Alimng'ata mpiga picha, akatafuna kofia yangu. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, nasi tulishukuriwa sana. Punda wa binti yangu ametengenezwa kwenye kompyuta: hali, haumi, akiambiwa vuka anavuka. Mto wake una maji. Wangu ulikuwa mkavu, tukaumwagia ndoo. Msichana wake anaongea kama mtoto. Wangu, Mungu ambariki, aliongea kama anasoma taarifa ya habari. Hayo nayakubali bila kinyongo. Ila bibi wa sasa ananyanyuka kitandani upesi mno kwa mgonjwa. Nalo lisemwe.

Lakini ninyi mliokulia na filamu ya zamani, mnakikumbuka kivuli? Punda anapovuka, juu ya mbao za daraja kinapita kivuli cha mtu asiyeonekana. Mmebishana miaka mingi. Kuna waliosema ni roho ya bibi, na mwalimu mmoja aliwafundisha wanafunzi wake kuwa ni dhamiri. Leo nawaambia. Kilikuwa cha marehemu mke wangu, mama wa binti huyu.

Alikuwa akitembea kando ya kamera na karai la pumba, kwa kuwa punda yule hakukubali kumfuata mtu mwingine. Jua lilikuwa limeinama, kivuli kikaingia kwenye picha, na mkanda wa kurudia hatukuwa nao. Nilifoka. Yeye akacheka, akasema, "Acha nami nionekane kidogo." Tangu alipotutoka, ndugu zangu, hapo ndipo mahali pekee ninapomwona akitembea.

Kwa hiyo jana nilikaa kwenye kiti nikiliogopa daraja. Punda wa kompyuta hahitaji pumba, na asiyehitaji pumba hahitaji mtu wa kumtangulia. Nilijiandaa kuona mbao tupu. Punda akakanyaga ubao wa kwanza, na mbele yake kidogo kikapita kivuli, karai likiwa ubavuni upande wa kushoto, vilevile kama mke wangu alivyolibeba. Nilipotoka, fundi wa mitambo alinieleza kwamba walitaka kukichora, binti yangu akakataa. Alitafuta karai, akatembea mwenyewe juani, akarudia na kurudia mpaka kikatokea alivyokikumbuka.

Binti yangu, uliniomba ukweli. Filamu yako ni nzuri kuliko yangu. Jana niliondoka kimya kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwona mama yako akitembea, na chai yako ilikuwa sawa tu.

Nawashukuru wote mliofanya kazi hii, na mama mwandishi aliyetuamini mara mbili. Wajukuu zangu, taa zikizimwa na punda akafika darajani, msibishane tena kivuli ni cha nani. Mpungieni mkono. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nipisheni nikakae, nami nimwone.