Mita Arobaini na Mbili: Wasifu wa Dada Yetu, Mchoraji wa Njia ya Reli

Ndugu, jamaa, majirani na wanakamati wa njia, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu kwa sababu mpwa wangu muuguzi ameniambia, "Mjomba, wewe ndiye uliyemjua kabla hajawa mtu mzima." Si kweli. Dada alinitangulia miaka sita, na nilipopata akili nilimkuta tayari mtu mzima. Lakini nitajaribu, na mnivumilie.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba nambari 14 ya makazi ya wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati yetu wawili. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja na ukumbi mdogo, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa hatua thelathini tu kutoka kwenye reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vilihama vyenyewe kabatini. Baba alikuwa katika kikosi cha matengenezo ya njia, akikaza reli kwenye mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ili kuibeba. Mama alikuwa mshonaji. Husemwa kwamba neno la kwanza la marehemu lilikuwa "mama", kama la kila mtoto, na la pili likawa "kwa nini". Baba akaanza kumwita Kwanini, jina likamganda, na najua wamo humu ambao hawajawahi kusikia jina lake jingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, upande wa pili wa stesheni. Watoto walikatazwa kupita relini, na yeye alipita relini kila siku, akihesabu mataruma: elfu moja mia nne na kumi na mawili kutoka nyumbani hadi lango la shule. Mama alipenda kusimulia jinsi siku moja alivyorudi amenuna, akasema yamepungua matatu. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake alipokwenda kazini akakuta kweli, mataruma matatu yaliyooza yalikuwa yameng'olewa na mapya hayajalazwa. Tangu siku hiyo baba hakumcheka tena. Sisi wengine tuliendelea.

Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha uchoraji ramani, akahitimu mwaka 1970. Jumatatu ya tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika ofisi ya ardhi ya shirika la reli, ghorofani, juu ya ukumbi wa tiketi, kwenye meza ya mteremko iliyotazama dirisha. Baadaye aliongezewa kazi ya kuandika vibali vya maeneo ya reli. Alidumu pale miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu mwaka 2006. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1996, lakini yeye aliendelea kwenda kazini na kalamu zake. Tulimtania, "Dada, harakisha, treni itakuacha!" Naye alijibu, "Treni imeondoka, ardhi imebaki. Kwani ardhi nayo ina magurudumu?"

Mwaka 1998 alipitisha kibali kimoja ambacho lazima nikitaje. Kiliruhusu seremala fulani kuweka karakana kwa muda juu ya tuta la reli, eneo la urefu wa mita arobaini na mbili. Sahihi ni yake. Seremala ni mimi. Neno "kwa muda" aliliandika vizuri kabisa, mimi ndiye niliyelisoma vibaya kwa miaka ishirini na sita.

Ndoa yake ilianzia kwenye mnyororo wa baiskeli. Mbele ya stesheni palikuwa na kibanda cha fundi baiskeli, na marehemu alikwenda kumuuliza kwa nini mnyororo wake huruka. Shemeji anasema alimweleza kwa saa nzima. Siku ya pili akarudi na swali la breki, na ya tatu akaja na la ringi. Siku ya nne alikuja bila swali, na baiskeli haikuwa na ubovu wowote. "Nikajua leo swali ni mimi," ndivyo shemeji asemavyo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1975, na wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni mwalimu. Kwa miaka arobaini na minane sikusikia wakigombana, ila niliwasikia wakibishana kuhusu kila kitu.

Mwaka 2011 shemeji alipata kiharusi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mara mbili kwa wiki marehemu alimsukuma kwenda mazoezini hospitalini, na barabara ya hospitali mnaujua ule mlima wake. Siku moja katikati ya mlima kiti kilimzidi nguvu, kikaanza kumrudisha nyuma, na kama si mchuuzi mmoja kuacha bidhaa zake na kukidaka, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Walifika wakiwa wazima. Nilimkuta kwenye benchi la hospitali nikadhani analia. Kumbe anawaza. Akaniuliza, "Hivi kwa nini barabara inapanda pale na reli haikupanda?"

Nilimwambia treni haiwezi mlima, kila mtu anajua. Akasema, "Ndiyo. Kwa hiyo kuna mtu alishalipwa zamani kutafuta njia isiyo na mlima. Mbona imelala tu?"

Hapo ndipo yalipoanzia. Februari 2012 kamati ilikutana sebuleni kwake, mwalimu mkuu mstaafu akiwa mwenyekiti na marehemu katibu, kupanga njia ya waenda kwa miguu na baiskeli juu ya tuta la reli, kutoka stesheni ya zamani, kupita hospitali na shule tatu, hadi kwenye daraja la chuma. Reli zenyewe zilishauzwa chuma chakavu, ila mataruma yalikuwa yangali kwenye kokoto. Ramani alizochora kwa mkono wake zilihamishiwa makao makuu na hakuna aliyeweza kuzipata. Basi akafanya alichokizoea tangu utotoni: akahesabu mataruma, yote, akazidisha kwa nafasi iliyopo kati ya moja na lingine, akapata kilomita ishirini na nusu. Wakaandika andiko la mradi, wakaligonga mhuri, wakalipeleka.

Likarudi. Mpimaji ardhi wa wilaya alisema ramani yake inaonyesha kilomita kumi na tisa, na wafadhili hawatoi fedha kwa njia yenye kilomita moja na nusu ya kubuni. Mwenyekiti aliona aibu. Marehemu aliona ajabu, akauliza huku na huku mpaka akampata mzee aliyefanya kazi na baba. Mzee akamwambia, "Mwanangu, kwenye kona mataruma hubanwa. Baba yako hakukwambia?" Binti wa mtu wa reli, mchoraji wa reli miaka thelathini na mitano, na hakulijua hilo! Alicheka wiki nzima, na kila mgeni aliyefika kwake alisimuliwa kosa hilo kabla hajakaa.

Safari ya pili walipima kwa kiti cha shemeji. Walifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, marehemu akisukuma kwenye kile kijia cha pembeni walichokuwa wakipita watu wa kikosi cha baba, na shemeji akihesabu mizunguko. Siku nne. Mizunguko elfu kumi na ishirini na sita, kilomita kumi na tisa na vijimita. Mpimaji alipouliza wametumia kifaa gani, marehemu alisema, "Mume wangu." Na humo humo lilikuwamo jibu la swali kubwa zaidi: mtu wa kiti anaweza kupita njia nzima.

Nzima isipokuwa mita arobaini na mbili. Kwenye karakana yangu walizunguka kwa barabarani, na urefu niliwatajia mimi mwenyewe, huku nikipiga randa.

Fedha zilitafutwa miaka sita. Wilaya ilitoa kidogo, shirika la wafadhili likaahidi nyingi endapo wenyeji wangeonyesha mkono wao kwanza. Marehemu akaanza kuuza njia mita mita. Kila kaya ilinunua mita yake, darasa zima la watoto likanunua moja, kinyozi akanunua mbili kwa sababu, alisema, ana miguu miwili. Waliotaka mita za mbele ya karakana waliambiwa, "Hizo zina mwenyewe." Mwaka 2019 wafadhili walikubali, kazi ikaanza. Wengi wenu mmekuja hapa leo mkikanyaga kazi hiyo. Lakini fungu la mwisho, la kumalizia kipande cha hospitali, liliwekewa sharti: njia iwe imeunganika kabla ya tarehe 30 Juni 2024, la sivyo fedha zinakwenda kwingine na watu wazungukie mlimani.

Mwenyekiti alinijia mara tatu kuniomba niondoe karakana. Mara ya tatu alisema mbele yangu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilijitia pamba masikioni. Karakana ile ilinilishia watoto, na niliogopa kuanza upya uzeeni, huo ndio ukweli wenyewe. Marehemu, aliyeuliza watu wote maswali yote, hakuniomba hata siku moja. Alikuja mara moja tu, Januari mwaka jana, akaketi kwenye kigoda karibu na benchi la kazi, akatazama paa, akauliza, "Hivi karakana hii uliipiga misumari au uliifunga boliti?"

"Boliti," nikasema. "Seremala gani anapiga nguzo misumari?"

"Ngapi?"

"Sitini na nne."

"Aa. Nilikuwa najiuliza tu." Akamaliza chai, akaniaga. Nami, mpumbavu, nilifurahi siku nzima kwamba dada kasifu kazi yangu.

Machi 2023 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakagundua moyo wake umepanuka. Alitibiwa kwa uangalifu na kuwauliza wauguzi maswali mpaka binti yake akaona haya kazini. Hata Mei mwaka huu, akiwa hawezi kupanda ngazi, alikuwa akiuliza kokoto za kipande cha mwisho zimefika kiasi gani. Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, alifariki dunia katika hospitali ile ile, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na kilomita kumi na nane na ushei za njia.

Karatasi mliyoshika inaishia hapo, kwa kuwa mchapaji aliichukua Alhamisi asubuhi. Haya mengine hayamo.

Jumatano nilikuwa nikitengeneza jeneza hili. Nilipofika kwenye vishikio nikatafuta spana, na spana ilipokaa mkononi nikalisikia swali la dada kama lilivyokuwa. Hakuwa akisifu kazi. Alitaka kujua kama inafunguka. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia, jamani, sifichi. Nikamaliza jeneza, likawa kazi ya mwisho kutoka karakana ile.

Alhamisi na Ijumaa hadi adhuhuri tuliibomoa. Shemeji aliletwa na kiti chake, akasema kuhesabu ni kazi yake. Boliti sitini na tatu zilifunguka kwa spana. Moja ilikuwa imeliwa na kutu, tukaikata. Mwenyekiti alifika, hakunena methali yoyote, akashika upande wa pili wa boriti. Jioni ile ile kamati iliwapigia wafadhili simu kwamba njia imeunganika.

Na leo asubuhi, mliofuata jeneza mmeona, hatukupita barabarani. Tulipita kwenye tuta, wapwa wangu na wenzao wakibeba na mimi nikimsukuma shemeji. Pale palipokuwa na karakana kitambaa chekundu kilikuwa kwenye gurudumu, na nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo: ishirini na mbili. Kisha akasema, "Kumbe hapa napo ni tambarare."

Dada, ulijiuliza tu, nami nilichelewa kujibu. Jibu ni kwamba inafunguka, kwa siku moja na nusu. Sasa pumzika. Njia iko wazi.