Mama Ncha na Paka Arobaini na Mmoja wa Hospitali

Shangazi yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga.

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1958 hadi 1964. Katika ripoti yake ya mwisho, ambayo tunayo hadi leo, mwalimu aliandika: "Mtulivu, lakini hakubali jibu lisilo na sababu."

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapanda hadi kuwa msimamizi. Humo ndimo fundi bomba alimofika kutengeneza bomba lilelile mara tatu kwa wiki moja. "Bomba hili ni zima," marehemu alimwambia. "Sema unachotaka, niendelee na mashuka." Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975.

Agosti 1996, paka wa uani walizaa ndani ya mashuka safi kwa mara ya nne mwaka huo. Katibu wa hospitali aliagiza sumu.

"Bwana Katibu, sumu mmeweka mara tatu, na paka wamerudi mara tatu," marehemu alisema. "Ukimwondoa aliyepo, wa mtaa wa pili anahamia. Nipe mwaka mmoja. Nikishindwa, weka sumu, nami naacha kazi."

Alipewa hadi tarehe 31 Agosti 1997.

Mumewe alisuka mitego ya waya isiyojeruhi. Daktari wa mifugo aliwahasi paka, madume kwa majike, akawachanja, na wakiwa bado katika usingizi wa dawa akawakata ncha ya sikio la kushoto, ili aliyekwisha kuhudumiwa asisumbuliwe tena. Kisha walirudishwa walikotoka.

"Mama, unamrudisha mwizi kwenye eneo la tukio?" mpiga pasi alimtania.

"Namrudisha mlinzi. Huyu hana tena familia ya kumchelewesha kazini."

Wafanyakazi wenzake wakamwita Mama Ncha. Jina lilianza kama kejeli, likaishia kuwa cheo.

Kufikia Julai, paka arobaini walikuwa tayari. Alibaki jike mmoja wa madoadoa, asiyeshawishika kwa samaki wala nyama. Tarehe 29 Agosti marehemu aliondoa chambo, akatandika mtegoni foronya iliyotoka kwenye kikaushio, ingali na joto. Jike aliingia, akajikunja, akalala. Mlango ukafungwa taratibu.

Agizo la sumu lilifutwa. Paka wageni waliojitokeza baadaye walipitia mtego uleule, na kufikia 2009 uani walibaki paka tisa, wazee na wanene. Masoko mawili na chuo kimoja vilituma watu kujifunza kwake. Katibu mwenyewe, alipostaafu, aliomba paka mmoja.

Februari 2018 alianza kuugua moyo, akalazwa katika hospitali ileile. Siku ya kwanza alipapasa shuka, akamwambia muuguzi, "Mwanangu, hili halikusuuzwa vizuri." Likabadilishwa.

Alifariki tarehe 6 Mei 2019, saa kumi na mbili asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na wadogo zake wawili.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko analolistahili. Alishinda, na hakuua.