Bi Jalidi na Kitambaa Kilichokakamaa

Wafanyakazi wenzangu, mniwie radhi. Wasifu huu wa Bi Jalidi ulitakiwa tangu mwezi uliopita, na fundi wa pampu, anayeandaa ratiba ya sherehe, amenikumbusha mpaka ameanza kuona haya yeye. Mwanangu anaota meno. Halali, nami silali. Lakini nisidanganye. Niliambiwa niandike ya kufurahisha tu, na kila nikishika kalamu naviona vidole vya mama huyu.

Haya basi. Bi Jalidi anastaafu tarehe thelathini na moja mwezi wa saba, baada ya miaka ishirini na sita katika kitalu chetu cha miche. Alianza kwa kujaza udongo kwenye viriba, akahamia kumwagilia, kisha akapewa kazi iliyompa jina: kulinda miche isiunguzwe na jalidi wakati wa kipupwe.

Wageni wa leo huenda hawaijui kazi hiyo. Alfajiri ya baridi kali umande huganda juu ya majani, na jua likishapanda mche unasinyaa kama uliomwagiwa maji ya moto. Bi Jalidi alitundika kitambaa kibichi kwenye waya, usawa wa miche, akawa anapita na kukiminya. Kikiwa laini, anaendelea na mizunguko yake. Kikianza kukakamaa, anagonga bomba la chuma kwa nyundo, sote tunatoka mbio majumbani, fundi anawasha pampu, naye anafungua koki moja baada ya nyingine. Maji yanarushwa bila kukatika mpaka jua litoke. Yakigandia nje, jani lililo ndani linapona. Alikuwa na mlio wake wa kuudhi, ule wa bomba. Mume wangu alisema mama huyu ana ugomvi binafsi na usingizi wa watu. Ila miaka na miaka hatukupoteza hata tuta moja.

Tukisubiri jua, alitupigisha soga. Kaka yake ni mwalimu mwenye kamusi kubwa, na humo alijifunza kwamba baridi, theluji na jalidi ni majina yaliyotoka kwa Waarabu, na barafu ikatoka kwa Waajemi. Hata sakitu, jina la pili la jalidi, kwa Waarabu linahusu kitu kilichoanguka. Hapo alikuwa akicheka. Nani amewahi kuiona jalidi ikianguka? Inaota palepale ulipo, alisema, kimyakimya, umeipa mgongo. Akaongeza kwamba majina tumeletewa, lakini kuganda na kuzizima ni maneno ya nyumbani kabisa, hatukumwazima mtu.

Sasa nije kwenye glavu.

Koki zetu ni za chuma na huwa zimelowa. Mwenye glavu angezivua wakati wa kuminya kitambaa tu. Kila msimu Bi Jalidi aliomba glavu, na kila msimu msimamizi wetu alimjibu kwa upole, "Ziko njiani, mama." Upole huo sina tatizo nao. Bi Jalidi mwenyewe aliufanyia mzaha: alisema labda zinatoka Uajemi zilikotoka barafu, na zinakuja kwa miguu.

Kipupwe kilichopita uliingia ukungu mzito. Hapa kwetu ukungu ulikuwa habari njema. Tulizoea kwamba unafunika miche kama blanketi, kwa hiyo watu waliendelea kulala. Bi Jalidi hakulala. Ukungu ule ulikuwa wa aina nyingine, unaganda kwenye kila unachogusa. Uliota weupe kwenye waya, kwenye utando wa buibui, mpaka kwenye kope zake. Tochi ilimrudishia mwanga usoni, haoni kitu. Akaenda kwenye kitambaa, akakiminya, hakusikia ugumu wowote, akapita. Akarudi tena, akaminya, akapita.

Kulipopambazuka kitambaa kilikuwa kimesimama kama kipande cha bati. Hakusikia ugumu kwa sababu vidole vyake havisikii tena kitu chochote. Matuta ya chini yote yaliungua. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Vimenihama, mwanangu," aliniambia. "Vimehama bila kuaga."

Ratiba mliyoshika inasema anastaafu kwa sababu ya umri. Umri huo hana, bado miaka mitatu. Wahusika wakasirike, lakini sitaandika uongo kwenye karatasi ambayo wajukuu wake wataisoma. Anaondoka kwa sababu ya glavu.

Leo vifungo vya gauni lake amefungiwa na mkwewe. Mjukuu wake wa kike, ambaye nywele zake alizisuka yeye tangu zilipoota, sasa anapelekwa saluni. Bi Jalidi anambeba mwanangu kwa vifundo vya mikono, na maji ya kumwogesha anayapima kwa kiwiko, halafu ananicheka kwamba hata sisi wenye vidole tunapima kwa kiwiko.

Mama, ahsante kwa kutuamsha. Tunakuombea asubuhi ndefu za kulala mpaka jua likukute kitandani, na bomba likigongwa, ugeuke upande wa pili.

Kazi yake nimekabidhiwa mimi, naanza Jumatatu. Kwa kuwa wakubwa wote wako hapa na kila mmoja ana nakala ya ratiba, nataja ninachohitaji kiletwe kabla ya siku hiyo: kipimajoto cha kutundika kitaluni chenye namba zinazoonekana gizani; viatu vya mpira, saizi thelathini na nane; mlango wa kibanda cha zamu, maana sasa pana gunia; na glavu za mpira zenye pamba ndani, jozi mbili. Moja yangu. Ya pili ni ya Bi Jalidi, ile iliyokuwa njiani.